Makundi ya Kura za Maoni Hayavunjwi kwa Tamko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa vyama vya siasa, hasa wale wanaosimamia kura za maoni, yaani kura za mchujo za kumpata mgombea ndani ya chama, juu ya jambo ambalo kila msimu wa uchaguzi hulisikia likisemwa kwa wepesi unaonisikitisha. Husemwa hivi: tushindane ndani ya chama kwa nguvu zetu zote, kisha jina la mgombea likishatangazwa tuvunje makundi na tuwe kitu kimoja. Maneno hayo ni mazuri, na wengi wanaoyatamka huyaamini kwa dhati. Lakini makundi hayavunjwi kwa tamko, na chama kinachosubiri siku ya matokeo ndipo kianze kufikiria umoja huwa kimekwisha kuchelewa kwa miezi kadhaa. Ninachotaka kusema ni kwamba ushindani wenyewe sio unaokipotezea chama uchaguzi mkuu. Chama hupoteza kwa sababu aliyeshindwa hakuridhika kwamba ameshindwa kwa haki, na kwa sababu baada ya hapo hakuna aliyemfuata yeye na watu wake kuwaomba warudi kazini.

Nianze na hasara ya aina ile isiyo na ubishi, inayohesabika kwa tarakimu. Mwaka 1912 chama cha Republican nchini Marekani kilikuwa na rais aliyeko madarakani, William Howard Taft, na rais wa zamani, Theodore Roosevelt, wakigombania tiketi moja. Huo ndio mwaka ambao kura za mchujo za urais zilianza kutumika kwa uzito katika majimbo kadhaa, na Roosevelt alishinda sehemu kubwa ya hizo. Hata hivyo wajumbe wengi wa mkutano mkuu walikuwa bado wakipatikana kwa mikono ya viongozi wa chama, na viongozi walikuwa upande wa Taft. Malalamiko yalihusu viti 254 vya wajumbe. Kamati ya chama ilikaa, ikasikiliza, ikampa Taft viti 235 na Roosevelt 19. Roosevelt alitoka na watu wake, akaunda chama kipya, na ilipofika Novemba yeye akapata takribani asilimia 27 ya kura, Taft asilimia 23, na Woodrow Wilson wa chama cha Democratic akaingia Ikulu kwa asilimia 42 hivi, akiwa ameshinda majimbo 40 kati ya 48. Ukijumlisha kura za wale ndugu wawili waliogombana unapata nusu ya wapiga kura wote. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Mgawanyiko wa namna hiyo huandikwa katika vitabu kwa sababu unaonekana. Mimi naogopa zaidi ule usioonekana. Mara nyingi hakuna anayetoka chamani. Aliyeshindwa hubaki na kadi yake, huhudhuria mkutano wa uzinduzi wa kampeni, hukaa safu ya pili, hupiga makofi wenzake wanapopiga makofi, na mwandishi wa habari anayepita hapo huandika kwamba chama kimeungana. Kinachokuwa kimeondoka ni kazi za watu wake, na hizo hazitoi taarifa zinapoondoka.

Naomba niseme niliyoyaona mwenyewe. Niliwahi kuwa katibu wa kampeni wa mtia nia mmoja wa ubunge ambaye alishindwa katika kura za maoni kwa tofauti ndogo. Chombo chetu kikuu cha kazi kilikuwa daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo kurasa zake tulizigawa mtaa kwa mtaa, na ndani ya kila mtaa nyumba kwa nyumba. Tuliandika nani anaishi wapi, nani amehama lakini hajahamisha jina lake katika orodha ya wapiga kura, mzee gani hawezi kufika kituoni bila kushikwa mkono, mama gani ana hasira na chama na hasira hiyo ilianza lini, kijana gani akisema neno majirani humsikiliza. Aliyeahidi kutuunga mkono tulimwekea alama ya vema kwa penseli, na aliyesita tulimwekea nukta, ili anayemtembelea mara ya pili ajue aanzie wapi. Kazi hiyo ilituchukua miezi saba, na ilifanywa na watu ambao hawakulipwa chochote.

Matokeo yalipotangazwa, wapambe wa mshindi walipita na magari wakiimba wimbo wa kumdhihaki mgombea wetu, na wimbo ule ulimtaja kwa kilema alichonacho mguuni. Nilikuwa nimekaa na vijana wangu tukifunga vitabu vya hesabu. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja alisimama, akaenda kufunga dirisha.

Siku zilizofuata nilingojea mtu wa kulihitaji lile daftari. Sikuwa nimenuna, na wala sikumkataza yeyote kufanya kazi. Nilikuwa mwanachama wa miaka mingi na nilitaka chama changu kishinde. Nilidhani atakuja mtu, hata kama ni mjumbe wa nyumba kumi, aseme: bwana katibu, mgombea anaomba muonane. Zilipita wiki tatu, kisha tano, na daftari likabaki juu ya kabati. Baadaye nilielewa kwamba wao walidhani sisi tutakwenda wenyewe kujisalimisha, kwa kuwa ndio tulioshindwa, na sisi tulidhani wao watatuita, kwa kuwa ndio wenye tiketi. Siku ya uchaguzi mkuu nilipiga kura yangu asubuhi, kwa mgombea wa chama, nikarudi nyumbani. Njiani nilimwona mzee mmoja ambaye katika daftari tulikuwa tumemwandikia kwamba anahitaji kuchukuliwa, ameketi mlangoni amevaa kanzu safi, anangoja. Nilisimama, nikarudi naye kituoni. Lakini nilijua kwamba kulikuwa na wengine wengi kama yeye katika kurasa zile, na mimi nilikuwa mmoja. Chama kilipoteza kiti kile kwa kura chache kuliko majina yaliyokuwa na alama ya vema katika daftari letu. Siwezi kudai kwa hakika kwamba daftari lingekiokoa. Najua tu kwamba halikufunguliwa.

Ndiyo maana nasikitika ninaposikia viongozi wakihesabu hasara ya mchujo kwa kuangalia waliohama peke yao. Mpiga kura wa kawaida husahau upesi. Wengi walioshabikia aliyeshindwa huishia kumpigia mgombea wa chama chao kwa sababu chama kingine hawakitaki kabisa. Anayekumbuka ni yule aliyelala vibaya kwa miezi saba, aliyeacha biashara yake, aliyegombana na ndugu kwa ajili ya kampeni. Watu wa namna hiyo ni wachache katika kila jimbo, na ndio hao hao wanaobisha hodi, wanaosimama kama mawakala vituoni hadi usiku wa manane, wanaojua kusoma fomu ya matokeo na kugundua tarakimu iliyobadilishwa. Chama kikiwapoteza hakipotezi kura moja moja. Hupoteza mikono inayoleta kura.

Hasara nyingine hutoka vinywani. Wanaoshindana ndani ya chama kimoja hawawezi kutofautiana sana katika sera, kwa hiyo hushawishika kushambuliana kwa tabia, uwezo na historia, na kila neno wanalosema huandikwa na mtu aliyekaa upande wa pili akisubiri zamu yake. Mwaka 1972, katika mchujo wa California, Seneta Hubert Humphrey alimshambulia mwenzake wa Democratic, George McGovern, kwa mpango wake wa kupunguza matumizi ya ulinzi. McGovern alishinda mchujo ule na hatimaye tiketi. Miezi michache baadaye kampeni ya Rais Richard Nixon ilirusha tangazo la televisheni linaloonyesha askari, meli na ndege za kuchezea watoto zilizopangwa mezani, na mkono wa mtu ukiziondoa fungu baada ya fungu huku msimulizi akiueleza mpango huo. Na walipotaka shahidi wa hatari yake hawakumtafuta mtu wa Republican, walimtaja Humphrey. Nixon alishinda majimbo 49. Sisemi kwamba tangazo lile ndilo lililomwangusha McGovern, maana alikuwa na mizigo mingine mizito, lakini fikiria mgombea anayepaswa kujibu shutuma iliyotolewa na mtu aliyekuwa, miaka minne tu kabla, mgombea urais wa chama chake mwenyewe. Atajibu nini bila kumwita mkubwa wake mwongo? Vivyo hivyo mwaka 1988, suala la wafungwa wa Massachusetts waliopewa likizo ya kutoka gerezani lilitajwa kwanza dhidi ya Michael Dukakis, gavana wa jimbo hilo aliyekuwa akiwania tiketi ya Democratic, na mwenzake wa chama, Al Gore, katika mdahalo wa mchujo wa New York. Republican waliliokota wakalifanya silaha yao kuu, na Dukakis alishindwa katika majimbo 40.

Hata hivyo haki inanidai niseme pia kwamba neno kali si lazima liue. Mwaka 1980 George H. W. Bush aliufananisha mpango wa kiuchumi wa Ronald Reagan na uchawi, tena kwa maneno ambayo watu wanayakumbuka hadi leo. Reagan alimshinda, kisha akamchukua kuwa mgombea mwenza, na wote wawili wakashinda majimbo 44. Wapinzani wao walilirudia neno lile mara nyingi, lakini kila waliporudia, aliyelisema alikuwa amesimama ubavuni mwa aliyesemwa, akimpigia debe. Sumu ya neno la mchujo hupungua pale aliyelitamka anapoonekana na umma akifanya kazi upande ule aliokuwa akiulaumu. Huo ni ushahidi kwamba kinachofanyika baada ya matokeo kina nguvu ya kurekebisha hata yaliyosemwa kabla.

Kuna watakaonijibu kwamba dawa basi ni kuondoa ushindani: wazee wakae, wakubaliane jina, waliobaki waambiwe waheshimu. Hoja hiyo naikataa kwa moyo wote. Mwaka 1968 Humphrey, huyo huyo niliyemtaja, alipata tiketi ya Democratic bila kushindana katika kura za mchujo hata moja, kwa sababu wajumbe wengi walikuwa mikononi mwa viongozi wa majimbo. Waliopiga kura za mchujo walikuwa wamewachagua Eugene McCarthy na Robert Kennedy, na Kennedy alikuwa ameuawa mwezi Juni. Mkutano mkuu wa Chicago uliofanyika Agosti ulimpa Humphrey ushindi ndani ya ukumbi, huku nje polisi wakiwapiga vijana virungu mbele ya kamera za televisheni. McCarthy alikaa miezi miwili bila kumuunga mkono, akafanya hivyo siku chache tu kabla ya uchaguzi, tena kwa ubaridi. Humphrey alishindwa na Nixon kwa kura zaidi kidogo ya 500,000 kati ya takribani milioni 73. Mlango uliofungwa ulimuumiza kuliko ambavyo mlango wazi ungemuumiza, na chama kilijua hivyo, kwa maana baada ya hapo kilibadili kanuni zake ili wajumbe wapatikane kwa kura za wanachama.

Ushindani mrefu unaweza hata kukinufaisha chama. Mwaka 2008 Barack Obama na Hillary Clinton walishindana kuanzia mapema Januari hadi mwanzoni mwa Juni, jimbo kwa jimbo, na viongozi wengi wa Democratic walikuwa wakilia kwamba chama kinajimaliza. Lakini mchujo huo mrefu uliwalazimu kufungua ofisi na kuandikisha wapiga kura mahali ambapo wagombea wao hawakuwa wakifika kwa miaka mingi. Indiana ilikuwa moja ya majimbo hayo. Obama hakushinda mchujo wa Indiana, lakini Novemba aliishinda Indiana yenyewe, ambayo chama chake hakikuwa kimeipata tangu mwaka 1964. Kule North Carolina mchujo aliushinda, na Novemba akalipata jimbo lenyewe, ambako walikuwa hawajashinda tangu 1976.

Wataalamu wa sayansi ya siasa wamelibishania jambo hili tangu miaka ya 1960, na tahadhari yao kubwa ina ukweli ndani yake: mara nyingi mgombea dhaifu ndiye anayewavutia wapinzani ndani ya chama chake, kwa hiyo tunapomwona ameshindwa mwezi wa mwisho tusiharakishe kuulaumu mchujo kwa udhaifu ambao ulikuwepo kabla yake. Rais Jimmy Carter mwaka 1980 alikuwa na mfumuko wa bei na mateka wa Kimarekani nchini Iran kabla Seneta Edward Kennedy hajachukua fomu ya kumpinga. Nakubali. Lakini homa ikiwa imeshakuwepo, haifuati kwamba mgonjwa amwagiwe maji ya baridi usiku.

Sasa niseme lile ambalo viongozi hawapendi kulisikia. Msingi wa umoja baada ya mchujo ni hesabu ya kura ambayo aliyeshindwa ameiona kwa macho yake. Tuna msemo wetu kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na msemo huo ni wa kweli, lakini nimeuona ukigeuzwa kifuniko. Mtu anauliza kwa nini orodha ya wapiga kura iliyotumika kituoni si ile iliyobandikwa juma lililopita, anajibiwa kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Anauliza fedha zilizogawiwa wajumbe usiku wa kuamkia kura zilitoka wapi, anajibiwa vivyo hivyo. Anakata rufaa, na rufaa inasikilizwa na kamati ambayo nusu ya wajumbe wake walikuwa kwenye kampeni ya mshindi. Kukubali kushindwa ni wajibu wa aliyeshindwa. Kumwonyesha kwamba kweli ameshindwa ni wajibu wa chama, nao hutangulia. Chama kinachokata jina la mtu bila kumweleza sababu, au kinachompa tiketi mtu aliyekuwa wa tatu bila kusema kwa nini wa kwanza ameachwa, kinamkabidhi huyo aliyeachwa hoja atakayotembea nayo kila kijiji.

Wengine hudhani karatasi itatosha. Wagombea wasainishwe kiapo kwamba atakayeshindwa atamuunga mkono mshindi, basi. Wasoshalisti wa Ufaransa walifanya hivyo katika mchujo wao wa Januari 2017. Manuel Valls, aliyekuwa Waziri Mkuu, alishindwa na Benoît Hamon, na mwezi Machi akatangaza hadharani kwamba atampigia kura Emmanuel Macron, ambaye hakuwa mgombea wa chama chake. Hamon alipata asilimia 6.36 tu katika duru ya kwanza, kwa chama kilichokuwa na rais madarakani. Mgawanyiko wao ulikuwa wa sera kwa miaka kadhaa, na saini ya siku moja isingeweza kuubeba.

Sheria nazo zina mipaka yake. Majimbo mengi ya Marekani yanamzuia aliyeshindwa katika mchujo asirudi kwenye karatasi ya kura ya uchaguzi huo huo kama mgombea huru. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 85, inamtaka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo mwenye kinyongo hulazimika kuamua mapema. Tanzania, ambako mgombea lazima adhaminiwe na chama, mwenye kinyongo huhamia chama kingine, kama alivyofanya Edward Lowassa mwaka 2015 baada ya jina lake kukatwa katika vikao vya CCM; alijiunga na Chadema mwezi Julai, akagombea urais akiungwa mkono na muungano wa upinzani, akapata karibu asilimia 40 ya kura. CCM ilishinda, lakini kwa asilimia 58, ambapo miaka kumi kabla ilikuwa imepata asilimia 80. Na wale waliompokea nao hawakubaki salama, kwa maana Katibu Mkuu wao, Dkt. Willibrod Slaa, aliondoka kwa kutokubaliana na ujio huo. Ziba mlango mmoja, mwenye uchungu atapita mwingine, na hata asipopita popote anaweza kukaa kimya nyumbani kwake, jambo ambalo hakuna sheria inayolikataza.

Kwa hiyo narudi kwa mshindi, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kutenda. Katika mkutano mkuu wa Democratic wa mwaka 1980, uliofanyika Madison Square Garden jijini New York, Carter alikuwa amemshinda Edward Kennedy kwa wajumbe wengi. Usiku wa mwisho ukumbi mzima ulingojea picha moja tu: wawili hao wameshikana mikono na kuinyanyua juu. Kennedy alifika jukwaani kwa kuchelewa, akapeana mkono na Carter, akapeana na wengine, akazunguka, na Carter akawa anamfuata jukwaani mbele ya nchi nzima akitafuta picha ambayo hakuipata. Novemba alishinda majimbo sita tu. Naitaja picha hiyo kwa sababu inaonyesha kosa la wakati. Mkono usioshikwa jukwaani usiku wa mwisho ni mkono ambao haukushikwa miezi miwili kabla, faraghani, pale ambapo mtu anaweza kusema yanayomuuma bila kamera.

Miaka 28 baadaye walifanya vingine. Clinton alipositisha kampeni yake tarehe 7 Juni 2008, kulikuwa na wafuasi wake wengi waliokuwa wameapa kutompigia Obama. Tarehe 27 Juni wawili hao walikwenda pamoja katika mji mdogo wa New Hampshire uitwao Unity, yaani Umoja, ambako katika mchujo kila mmoja wao alikuwa amepata kura 107. Walichagua mahali ambapo hakuna aliyemshinda mwenzake. Agosti, katika mkutano mkuu wa Denver, wajumbe walikuwa katikati ya kuhesabiwa jimbo kwa jimbo pale Clinton mwenyewe aliposimama akiwa na wajumbe wa New York na kuomba hesabu isitishwe, Obama apitishwe kwa kauli moja. Aliyeshindwa ndiye aliyekabidhi, kwa mdomo wake. Watu wake waliona kwamba hawakufukuzwa ukumbini. Obama alishinda, na Clinton akawa Waziri wake wa Mambo ya Nje.

Sitegemei kila jimbo la uchaguzi liwe na Unity yake. Ninachowaomba viongozi wa vyama ni kidogo, na hakihitaji fedha. Kura za maoni zifanyike mapema kiasi kwamba rufaa isikilizwe na iishe kabla kampeni za uchaguzi mkuu hazijaanza, maana mtu hawezi kuombwa apige debe la mgombea ambaye bado anamlalamikia kwenye kamati. Wasimamizi wa mchujo na wasikilizaji wa rufaa watoke nje ya jimbo husika, na fomu za matokeo za kila kituo zibandikwe ukutani siku ile ile. Wapambe wanaoimba nyimbo za matusi baada ya ushindi wazuiwe na mgombea wao mwenyewe, usiku huo huo, si na katibu wa mkoa baada ya wiki mbili. Na kabla ya kura kupigwa, watia nia wote wakiwa bado hawajui nani atashinda, wakubaliane tarehe na nyumba ambamo mshindi atakwenda kwa miguu yake kuonana na kila aliyeshindwa na katibu wake wa kampeni, wakae, wafungue madaftari yao, na waulizane mtaa kwa mtaa nani atasimama kituo gani.

Daftari langu bado ninalo. Penseli imefifia, na baadhi ya waliomo wamefariki, lakini mitaa ni ile ile na watoto wao sasa wanapiga kura. Chama kikinitumia mtu, kwa mgombea yeyote aliyepatikana kwa haki, nitalitoa siku hiyo hiyo.

Wako katika kuvijenga vyama vyetu,

Msomaji wako wa siku nyingi